Kikapu Kinachoanza Kidato cha Kwanza

Juni 25, 2009, mjini New York, kamishna wa NBA wa wakati huo, David Stern, alipanda jukwaani mara ya pili usiku ule na kumtaja kijana wa Dar es Salaam: Hasheem Thabeet, anakwenda Memphis Grizzlies. Aliyemtangulia ni Blake Griffin. Nyuma yake walikuwapo James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Tangu usiku ule hakuna Mtanzania mwingine aliyecheza NBA, na mjadala wowote wa kikapu nchini, uwe Dar, Mwanza au Tabora, haumalizi dakika kumi kabla mtu hajauliza tutampata lini Hasheem wa pili.

Swali hilo limekaa upande. Hasheem hakutokana na mfumo ambao tungeweza kuurudia. Alizaliwa Februari 1987, akarefuka hadi mita 2.21, akaanza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akisoma Makongo Sekondari. Watu husimulia kwa mshangao jinsi alivyotoka kutojua mchezo hadi kuwa chaguo la pili la NBA kwa miaka isiyofika minane. Mimi naomba tuitazame hiyo miaka 15 yenyewe. Ni karibu na umri ambao mtoto wa shule ya serikali, awe wa Upanga au wa Kanyenye, anakutana na kikapu kwa mara ya kwanza, kama atakutana nacho.

Chukua Kanyenye. Ni kata ya Tabora mjini, mojawapo ya mitaa ya kale ya Unyanyembe, ambako misafara iliyotoka Bagamoyo ilitua mizigo kabla ya kuachana, mingine ikishika njia ya Ujiji na mingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mtoto wa hapa ana mambo ambayo watoto wengi wa bara wanayatamani. Mji wake una Tabora Boys, aliposoma Julius Nyerere, na Milambo, ambayo ilikuwa St. Mary's wakati Nyerere anafundisha hapo. Una Tabora Girls na Kazima. Una stesheni ambayo treni ya Mwanza na ya Kigoma zinaachania. Una uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na mwaka 2022 ulipokea mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA, watoto wa mikoa yote ya Bara wakalala kwenye mabweni yake. Kwa hiyo anayesema Tabora iko mbali na michezo hajafika Tabora.

Kasoro iko kwenye ratiba ya shule. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, yana soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono na riadha. Kikapu kinaingia UMISSETA, kwa wanafunzi wa sekondari. Jambo hilo linaonekana dogo, la kiutawala tu, lakini fuata mnyororo wake. Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi anapimwa kwa timu anazopeleka wilayani. Kikapu hakimo, basi hana sababu ya kukifundisha. Mwalimu mkuu hana sababu ya kutenga fedha za mpira. Fundi wa kuchomelea hapati kazi ya kutengeneza goli. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa amepiga mpira kwa mguu mara elfu kadhaa na hajawahi kuudunda kwa mkono akiangalia mbele. Anaingia kidato cha kwanza na miaka 13 au 14, na kama shule ina kiwanja, ndipo anapoanza.

Na kiwanja chenyewe kina mafunzo yake, mengine mabaya. Kiwanja cha kikapu cha sekondari nyingi za bara ni sakafu ya saruji iliyopasuka, yenye mchanga juu unaofanya raba iteleze. Nguzo ni za bomba. Ubao ni wa mbao zilizovimba kwa mvua za masika kadhaa, au ni bati. Ringi imechomelewa na fundi wa mageti, nene kuliko inavyotakiwa, haina wavu, na imeinama mbele kwa sababu vijana wanaining'inia jioni. Mpira ni mmoja, umelika hadi hauna vipele tena, ni saizi 7 kwa wote, wavulana na wasichana, na unafungiwa ofisini kwa mwalimu.

Kila kasoro hapo inamjenga mchezaji wa namna fulani. Ringi ngumu iliyoinama haina huruma kwa mtupo wa mbali: mpira ukigusa chuma unaruka mita tatu. Mtoto mwerevu anajifunza haraka kwamba faida iko chini ya goli, basi kila mara anaingia ndani, hata pale ambapo mtupo wa mita tano ungekuwa wa bure. Mpira mkubwa kwa kiganja kidogo unamfundisha kudunda kwa mkono mmoja tu, ule wenye nguvu, huku macho yakiangalia chini. Mchanga unamfundisha kutogeuka ghafla. Na mpira mmoja kwa vijana ishirini unamaanisha kwamba mazoezi ni foleni. Kocha wa nje akimwona kijana huyu miaka minne baadaye atasema hana mikono, hana miguu. Kijana alijifunza sawasawa kile ambacho kiwanja kilimfundisha.

Nchi zilizoendelea kwenye mchezo huu zilikwisha kulitambua hili zamani. Kikapu cha watoto kina goli la mita 2.60 badala ya 3.05 na mpira wa saizi 5. Goli la namna hiyo mtu analitundika kwenye ukuta wa darasa.

Mfumo unaoanza kidato cha kwanza hauna muda wa kutengeneza ustadi, hivyo unachagua kitu ambacho hakihitaji kutengenezwa, nacho ni kimo. Tazama majina ya ukanda huu yaliyovuka bahari. Manute Bol wa Sudan Kusini alikuwa na mita 2.31. Atiki Ally Atiki, kijana wa Mwanza, ana mita 2.08 hivi. Khaman Maluach, aliyezaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006 na kukulia Kawempe, Kampala, ana mita 2.18; alianza akiwa na miaka 13 hivi, akicheza na Crocs miguuni kwa kuwa raba za saizi yake hazikupatikana, akachukuliwa na akademi ya NBA iliyoko Saly, Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, akapita Chuo Kikuu cha Duke mwaka mmoja, na Juni 2025 akawa chaguo la 10 la NBA. Ni simulizi tamu, na haimsaidii kitu msichana wa mita 1.68 au mvulana wa mita 1.80 wa Kanyenye, ambao ndio wengi.

Tofauti inaonekana ukimweka pembeni yao Jonathan Kuminga. Amezaliwa Goma, Kongo, mwaka 2002, mji wa Kiswahili kama Tabora ulivyo, na kwa mita 2.01 si mrefu kwa viwango vya NBA. Aliingia akiwa chaguo la 7 mwaka 2021 na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa na Golden State Warriors. Alilelewa katika familia ya wachezaji, kaka yake akiwa amecheza vyuo vya Marekani, na alihamia huko akiwa na miaka 13 au 14. Alipofika umri ambao Hasheem alikuwa akijifunza kudaka pasi, yeye alikwisha kuvuka hatua hiyo.

Kuchelewa kulimgharimu nini Hasheem? Wanaomcheka mitandaoni hawakumwangalia vizuri alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa mwisho, 2008/09, alipata wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na kuzima mitupo 4.2 kwa mchezo, akawa mchezaji bora wa ulinzi wa vyuo kwa mwaka wa pili mfululizo, na timu ikafika nne bora. Kazi hiyo aliijua: kusimama karibu na goli, kusoma anayeingia, kunyoosha mkono kwa wakati wake. Ligi kuu ilimdai vitu vingine, kudaka mpira akiwa mwendoni, kutoka nje kumfuata mchezaji mwepesi, kugeuza nyayo chini ya goli bila kusafiri. Vitu hivyo mwili hujifunza kwa urahisi kati ya miaka 9 na 14. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha ligi ya chini, na hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu hivyo aliyekuwa ameshushwa kabla yake. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na michezo yake 224 ya NBA ilimwachia wastani wa pointi 2.2. Baadaye alicheza Japani na Taiwan, akiendelea kulipwa kwa kikapu akiwa na miaka zaidi ya thelathini, maisha ambayo vijana wengi wa Tabora wangeyachukua leo hii bila kuuliza.

Tuje sasa kwenye mlango wa kutokea nchini, maana kusajiliwa na chuo cha Marekani kunazungumzwa nchini kama bahati nasibu, wakati ni utaratibu wenye karatasi. Ili mchezaji acheze daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, lazima awe na masomo ya msingi 16 ya sekondari yanayotambulika, kwa wastani usiopungua 2.3 kwa vipimo vya Marekani. Tangu Januari 2023 mtihani wa SAT si sharti tena la ustahiki wa michezo. Kuna hesabu ya muda pia: kijana anayemaliza shule na kukaa nyumbani miaka kadhaa akicheza ligi anaweza kupoteza misimu yake ya chuo kabla hajaianza. Kwa lugha ya huku, kinachomwangusha kijana wa Kitanzania mara nyingi ni matokeo ya kidato cha nne, yaliyopatikana katika Kiingereza ambacho alikutana nacho kwa uzito mwaka uleule alipokutana na kikapu. Kocha wa Marekani akishamaliza kutazama video, swali lake linalofuata ni cheti. Mwalimu wa michezo anayemtoa mwanafunzi darasani wiki sita kwa ajili ya kambi anamfungia mlango aliodhani anamfungulia.

Ndiyo sababu waliofanikiwa wengi walimalizia sekondari hukohuko. Hasheem alipita shule zaidi ya moja kabla ya kumaliza Cypress Christian, Houston. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, Kongo, alipita shule za Virginia na Pennsylvania. Atiki alitoka Mwanza kwenda akademi ya London, mji wa Ontario nchini Kanada, ndipo Chuo Kikuu cha Brigham Young kikamchukua mwaka 2021. Mwaka 2024 akahamia New Mexico. Bismack Biyombo, naye wa Lubumbashi, hakugusa chuo kabisa: alipitia Yemen na ligi ya Hispania hadi kuwa chaguo la 7 mwaka 2011. Njia ni tofauti, lakini wote waliondoka kwao wakiwa bado wadogo, na aliyewamalizia malezi ya kimchezo ni mgeni.

Njia hiyo sasa inazidi kuwa nyembamba, na sababu zake hazizungumzwi vya kutosha. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Tangu 2024 mchezaji anayefaulu darasani anaweza kuhama chuo mara nyingi atakavyo bila kukaa benchi mwaka mzima. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kocha mwenye fedha na uhuru huo anafanya hesabu ya kawaida ya mwajiri: kwa nini amlee kwa miaka mitatu kijana wa miaka 18 aliyejifunza kudunda juzi, wakati anaweza kumnunua mwenye miaka 22 aliyekwisha kucheza michezo mia? Zama za kuchukua mtu mrefu na kumpa muda, zile zilizomlea Hasheem, zinapita. Atakayetakiwa ni kijana anayefika akiwa amekwisha kuiva, na huko ndiko tuliko dhaifu kabisa.

Halafu kuna viza. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 habanwi na masharti ya darasa tu, anazuiwa pia kufanya kazi ya malipo, na ndiyo maana Tshiebwe, mchezaji bora wa vyuo wa mwaka 2022 akiwa Kentucky na wastani wa zaidi ya rebaundi 15, alisubiri timu iende ziara Bahamas ndipo afanye kazi zake za matangazo huko, nje ya ardhi ya Marekani. Wenzake aliokuwa akiwapita uwanjani walilipwa wakiwa mabwenini. Aprili 5, 2025, siku ambayo Duke ya Maluach ilikuwa inacheza nusu fainali ya taifa, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Na Desemba mwaka huohuo Tanzania ikaingizwa katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi, viza za wanafunzi zikiwamo, kuanzia Januari 1, 2026. Mzazi aliyeuza ng'ombe mwaka uliopita kwa ajili ya pasipoti na nauli ya mwanawe anaweza kuuliza nani alimshauri aweke matumaini yote kwenye mlango ambao ufunguo wake anao mtu mwingine.

Hapo ndipo dalali anapoingia. Huja na simu nzuri, na picha akiwa na wachezaji. "Mama, wewe mwachie tu, kila kitu kimelipwa." Wapo waaminifu, na bila wao baadhi ya majina niliyoyataja yasingejulikana. Lakini mwaka 2018 mkuu wa shule moja binafsi ya Charlotte, North Carolina, alikiri mahakamani kuwaandikisha kwa udanganyifu wanamichezo wa kigeni, akichukua fedha kwa kila jina, wakati watoto wenyewe hawakuwa wakisoma kwake. Mwaka 2016, Windsor, Ontario, mchezaji aliyeandikishwa sekondari kama kijana wa miaka 17 aligunduliwa kuwa anakaribia thelathini, na kila kijana wa Kiafrika aliyefika nyuma yake akaanza kuangaliwa meno. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kilichochukuliwa mtoto akiwa mchanga ni hati ya kimichezo siku hizi, kwa sababu kile kinachotafutwa siku tatu kabla ya safari hakimshawishi mtu yeyote ubalozini.

Tabora ina historia ya kuuza nguvu za vijana wake kwa safari ndefu, na historia hiyo ina somo ambalo madalali wasingependa likumbukwe. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 hakuinua mzigo kabla ya mapatano. Uzito ulijulikana, frasila mbili hivi, kama kilo 32. Posho ilijulikana, mshahara ulijulikana, na mahali pa kutua mzigo palijulikana. Msafara ukivunja mapatano, aliutua mzigo na kutoweka usiku. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu, Burton na Stanley wakiwamo, vimejaa malalamiko ya watu kutoroka. Mjukuu wake leo anapanda ndege bila kujua kama shule anayokwenda ina kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, nani atamlipia bima akivunjika mguu, ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne, na tiketi ya kurudi iko mfukoni mwa nani. Maswali manne hayo hayahitaji wakili. Yanahitaji mzazi asiyeona haya kuuliza mbele ya mgeni aliyevaa vizuri, jambo ambalo kwa malezi yetu ni gumu kuliko linavyosikika.

Nimewazungumzia wavulana kwa sababu masimulizi ni yao. Hesabu, hata hivyo, inawapendelea wasichana. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya daraja la kwanza la NCAA iliruhusiwa ufadhili kamili wa wachezaji 15 wakati ya wanaume ilikuwa na 13, kazi ya sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyolazimisha usawa wa kijinsia katika elimu. Na msichana wa Kanyenye ana akiba ambayo kaka yake hana: netiboli. Ameicheza tangu shule ya msingi, na imo UMITASHUMTA. Anajua kudaka mpira wa kasi kwa mikono miwili, kutua kwa mguu mmoja na kuzunguka juu yake, kutoa pasi ya kifuani kabla mlinzi hajajipanga, kujitafutia nafasi bila mpira. Kinachokosekana ni kudunda na kutupa kwenye ubao, mambo ya kujifunza kwa mwaka mmoja au miwili. Jane Asinde wa Uganda alipita chuo kidogo cha miaka miwili huko Texas, Grayson, na baadaye chuo kikuu cha UTEP, huku akiibeba timu yake ya taifa. Njia ya vyuo vidogo haina kamera wala kelele, na ndiyo inayofaa watu wengi zaidi. Kama ningekuwa ofisa michezo wa mkoa ningeanza na timu za netiboli za shule za msingi za Kanyenye, Gongoni na Chemchem, Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa mipira ya saizi 5. Wavulana wangekuja wenyewe wakiona wanapitwa.

Walimu watatoka wapi? Chuo cha Maendeleo ya Michezo kiko Malya, wilayani Kwimba, kwenye reli ileile ya Tabora kwenda Mwanza. Mwalimu anayepanda treni Tabora anashuka Malya bila kubadilisha. Kozi fupi za kikapu cha watoto kwa walimu wa msingi wa Tabora, Shinyanga na Mwanza zingegharimu nauli ya daraja la tatu na posho ya chakula. Makongo, shule ya jeshi aliyosoma Hasheem, ilijulikana nchi nzima kwa kuwapa wanamichezo nafasi ya kusoma na kucheza pamoja, na haikuhitaji ufadhili wa nje kufanya hivyo. Ilihitaji mkuu wa shule aliyeamua. Sekondari kongwe za Tabora zina mabweni, zina viwanja vya saruji, zina majina.

Linalobaki ni michezo yenyewe, namaanisha idadi ya mechi. Timu ya sekondari inayotolewa ngazi ya wilaya kwenye UMISSETA imemaliza mwaka wake kwa mechi chache sana, zote ndani ya wiki kadhaa. Mwenzao wa Marekani anacheza mechi zaidi ya ishirini za shule kabla ya zile za kiangazi. Wa Dar ana ligi ya mkoa, ana viwanja vya Don Bosco na kituo cha vijana cha Kidongo Chekundu. Kijana wa Tabora hawezi kusafiri kilomita zaidi ya 800 kwenda kucheza Jumamosi Dar, na sioni kwa nini macho yake yaelekee huko. Kigoma ni usiku mmoja kwa treni. Ng'ambo ya mpaka kuna Bujumbura, ambako kikapu ni mchezo wa mtaani. Rwanda ina ukumbi mkubwa wa Kigali uliofunguliwa 2019 na kuandaa fainali kadhaa za ligi ya klabu za Afrika. Goma imetoa bingwa wa NBA. Mashindano ya shule ya kila mwaka kati ya Tabora, Kigoma, Bujumbura na Mwanza, hata yale ya watatu kwa watatu yanayohitaji goli moja na ambayo yako Olimpiki tangu Tokyo, yangewapa watoto wetu wapinzani bora kuliko wanaowapata wakifika fainali za taifa.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba kikapu ni mchezo wa mjini na wa wenye nacho, na kwamba mkoa wa tumbaku na asali una shida kubwa zaidi. Shida zipo. Lakini tayari tunawatumia watoto hawa kwenye michezo, tayari tunawalipia magari ya kwenda wilayani na mkoani, tayari walimu wanatoka darasani. Kuongeza kikapu cha watoto kwenye orodha ya UMITASHUMTA hakujengi hata chumba kimoja. Ni uamuzi wa kikao, na watakaofaidi wengi hawatapanda ndege kamwe: kati ya wavulana zaidi ya laki tano wanaocheza kikapu sekondari za Marekani kwenyewe, wanaofika timu za NCAA ni kama watatu au wanne katika kila mia, na NBA huchagua watu wasiozidi sitini kwa mwaka kutoka dunia nzima. Waliobaki wanakuwa walimu, waamuzi, maofisa wa benki, mafundi, wazazi wa wachezaji. Mji wenye watu mia tatu wa namna hiyo ndio unaoweza kumtambua mtoto wa miaka kumi mwenye mikono mizuri akipita na ndoo ya maji, na kumwambia mama yake Jumamosi amlete kiwanjani.